Programu ipi ya kuediti video? Kwanza niambie unaediti nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, programu ipi ni kali?" Nami huuliza mawili kabla ya kujibu. Unaediti nini, na kompyuta yako ina nini ndani? Anayerekodi harusi kwa kamera tatu, anayerusha klipu za sekunde 40 TikTok, na anayekata matangazo ya wateja kila wiki hawawezi wote kununua kitu kimoja. Kwa hiyo nimezipanga kwa kufuata kazi, na nafasi nimezitoa kwa jinsi ambavyo ningetumia pesa yangu mwenyewe.

1. DaVinci Resolve: harusi, kwaya, makala ndefu

Toleo lake la kawaida ni la bure, na hapo ndipo watu huanza kulitilia shaka. Lakini jina la DaVinci lilianza miaka ya 1980 kwenye mitambo ya kusawazisha rangi za filamu, mitambo ghali iliyokaa kwenye studio kubwa tu. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ikainunua, ikaigeuza kuwa programu ya kompyuta ya kawaida. Toleo la bure linatoa video hadi 4K, yaani picha kali sana, kwa fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, bila chapa yoyote kwenye picha.

Kwa mtu wa harusi faida yake ni hii. Una kamera moja inayotazama meza kuu, nyingine ya mkononi, ya tatu imesimama nyuma ya ukumbi, na shughuli imekwenda saa sita. Unazichagua klipu zote, unaiambia izipange kwa kufuata sauti, nayo inazilinganisha. Baada ya hapo unatazama kamera zote kwa pamoja na kubadilisha kutoka moja hadi nyingine huku video ikicheza, kama mtu wa matangazo ya moja kwa moja. Kazi iliyokuwa inakula siku mbili inaisha kwa jioni moja.

Kisha rangi. Unazijua taa za kumbi zetu: zambarau hapa, kijani pale, na bibi harusi aliyelipia mapambo ya uso kwa bei ya kuumiza anatoka kwenye video kama ameungua. Hakuna programu ya bure inayoikaribia Resolve katika kumrudishia mtu rangi yake. Unarekebisha klipu moja, unanakili marekebisho hayo kwenye nyingine za kamera ileile. Hata sauti ya MC anayemeza maikrofoni unaishughulikia humohumo, maana ina ukurasa mzima wa sauti uitwao Fairlight.

Sasa mabaya yake. Inakula kompyuta. Chini ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) 16GB na bila kadi ya grafiki ya maana, utakuwa unabonyeza na kusubiri. Kwenye Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, toleo la bure halisomi H.264, yaani aina ya mafaili ya kamera na simu nyingi, na kwenye Windows hugoma na baadhi ya mafaili ya biti 10 (yanayobeba rangi nyingi zaidi) ya kamera za kisasa. Ijaribu na mafaili ya kamera yako kabla ya kumuahidi mteja tarehe.

Jambo jingine lilinigharimu usiku mzima. Kasi ya fremu ya mradi hujifunga ukishaingiza klipu. Kwenye send-off moja nilianza na klipu ya simu, iliyokuwa fremu 30, nikakubali bila kusoma kilichoandikwa kwenye kiboksi. Kamera zote mbili zilikuwa 25. Nimeshakata saa nzima ndipo naona wacheza ngoma wanakwenda kwa kushtukashtuka. Nilianza upya. Kosa langu, wala si la programu.

Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja, na hadi sasa matoleo mapya yamekuwa yakija bila kudaiwa tena. Linunue kama unarekodi sana kwenye giza, kwa sababu kifaa cha kuondoa chenga kimo huko tu. Kama hurekodi gizani, baki na la bure.

2. CapCut: klipu fupi za simu

Ni ya ByteDance, wenye TikTok. Kwa anayeuza viatu, mapishi au vichekesho kwa video za wima, sioni sababu ya kumpeleka kwenye kompyuta. Unakata, unaweka maandishi, unatoa, unarusha, yote ukiwa kwenye daladala. Usisahau kufuta kipande cha mwisho chenye jina lao. Ni klipu kama nyingine, unaigusa na kuifuta.

Angalia mtego mmoja: vitu vingi vizuri viko upande wa kulipia, na mara nyingi unagundua hivyo mwishoni, unapotaka kutoa video. Kwenye manukuu yanayojiandika yenyewe, yajaribu kwanza kwa sauti yako na Kiswahili chako kabla ya kutoa hata shilingi. Na muziki uliomo ndani usiuweke kwenye tangazo la mteja kabla hujasoma masharti yake.

3. Adobe Premiere Pro: kazi za ofisi na matangazo

Ni nzuri, sibishi. Kama unafanya kazi na wakala wa matangazo, watakuletea mradi wa Premiere na watataka urudi wa Premiere. Inashikana vizuri na After Effects, programu ya Adobe ya michoro inayocheza, kwa hiyo mwenye kutengeneza nembo zinazocheza na maandishi yanayoruka atakuwa nyumbani.

Tatizo ni kwamba huinunui, unaipanga kama chumba. Bei ya Marekani kwa mkataba wa mwaka ni dola 22.99 kwa mwezi. Ukifika mwezi wa 13 umeshapita bei ya Resolve Studio, ambayo ungekuwa umeimiliki. Ukiacha kulipa, miradi yako ya zamani huifungui. Na ukivunja mkataba wa mwaka katikati, wanakudai nusu ya kilichobaki. Malipo ni kwa dola, wewe unalipwa kwa shilingi, tena baada ya kamati kumaliza kukusanya michango. Ichukue pale ambapo mteja wa kila mwezi anailipia, si kabla.

Najua utakachosema: ipo ya kraki, fundi anaiweka kwa elfu kumi. Rahisi ghali. Nimeona mashine ya jamaa ikifungwa na virusi, harusi nne zikiwa ndani.

4. Final Cut Pro: kama tayari una Mac

Dola 299.99, mara moja. Kwenye Mac za chipu ya M inakimbia hata zenye RAM ndogo. Kwenye Windows haipo kabisa, kwa hiyo usinunue Mac kwa ajili yake tu. Anza na iMovie, inayokuja bure na mashine.

Mwenye laptopu ya zamani

Kdenlive au Shotcut. Zote ni za bure, zote zinaingia kwenye Windows na Linux. Washa proksi, yaani nakala nyepesi za video unazoeditia, na programu irudi kwenye mafaili halisi wakati wa kutoa. Kwa RAM 8GB utafanya video ya shule au ya kanisa bila kulia. Hifadhi mara kwa mara, hasa Kdenlive, na hasa umeme ukiwa wa kubahatisha.

Avid Media Composer utaisikia ikitajwa kwenye filamu kubwa za Hollywood. Hakuna mteja wako atakayeiulizia.

Pesa uliyookoa iende wapi

Ukichagua ya bure, nunua SSD, yaani diski ya kasi, kabla ya kitu kingine chochote, kisha ongeza RAM. Klipu za simu zinazopoteza mwafaka na sauti zipitishe kwanza HandBrake, programu ya kugeuza mafaili ya video, nayo ni ya bure, uchague fremu zisizobadilikabadilika. Simu hupunguza na kuongeza fremu kadiri ya mwanga, ndiyo maana midomo inaachana na maneno. Kikibaki kitu, chukua diski ya pili ya nje na uweke nakala ya mafaili yote ya kamera usiku uleule unaotoka ukumbini, kabla hujafungua programu yoyote.