Valvoline Restore & Protect kwa Prius inayokula oili: lini inafaa, lini ni kumwaga pesa

Prius za kizazi cha tatu, ZVW30 zilizotengenezwa kati ya 2009 na 2015, zimefika umri wa kula oili. Injini yake ni 2ZR-FXE ya cc 1,798. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Prius α, Lexus CT200h na Noah na Voxy za haibridi, kwa hiyo haya yanawahusu pia wenye magari hayo. Bidhaa inayopimwa hapa ni Restore & Protect, oili ya sintetiki ambayo Valvoline iliiingiza sokoni Marekani mwaka 2024. Kampuni inadai oili hii huondoa masizi yaliyoganda kwenye pistoni gari likiwa linatumika kama kawaida, bila kufungua injini.

Hukumu kwanza: ni oili nzuri, na ni hatua ya kwanza yenye akili kwa injini ambayo ringi zake zimekwama. Kwa injini ambayo ringi zimelika, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuachia, ni kutwanga maji kwenye kinu. Mafundi wengi huruka kazi ya kutofautisha hizo mbili, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Toyota waliitengeneza 2ZR-FXE iwe na msuguano mdogo ili ibane mafuta, wakaipa ringi zisizokaza sana. Ringi ya chini kabisa, ile ya oili, hukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) kupitia vitundu vidogo vilivyo nyuma yake kwenye pistoni. Oili iliyochoka ikipikwa na joto la pale huacha utando, utando unakuwa masizi, vitundu vinaziba na ringi inapoteza mchezo wake. Oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Haibridi inaongeza la kwake: mjini injini inawaka na kuzima kila mara, na oili haikai na joto muda wa kutosha kufukuza petroli na maji yaliyoingia ndani yake. Aliyekuwa akibadilisha oili kila kilomita 10,000 au 15,000 kwenye foleni za Nairobi au Dar es Salaam ameipa injini hii mazingira mabaya kuliko yote.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kitabu cha Toyota kinasema umwone fundi wao gari likizidi lita 1 kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho kwa maoni yetu ni cha ukarimu mno. Injini yenye afya hupungua kidogo sana kati ya sevisi na sevisi. Ukifika nusu lita kwa kilomita 1,000 tayari una tatizo, na masega ya egzosi (kichujio cha moshi, katalisti) yanaanza kulipa gharama, kwa sababu majivu ya oili iliyoungua huyaziba taratibu hadi taa ya cheki injini ilete kodi ya hitilafu P0420.

Upimaji wenyewe: egesha pahali tambarare, injini iwe imepata moto kisha imezimwa kwa dakika tano au zaidi, futa kijiti cha kupimia oili, chomeka, soma. Jaza hadi alama ya juu, isizidi. Baada ya kilomita 1,000 rudi pale pale ulipoegesha, ongeza oili kwa chupa yenye vipimo vya mililita hadi alama ile ile, na uandike umeongeza kiasi gani. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye injini hii kuna karibu lita moja na nusu, katika injini inayobeba lita 4.2 pamoja na filta. Kijiti kikisoma chini kabisa, zaidi ya theluthi moja ya oili imeshaondoka. Usisubiri taa nyekundu ya dashibodi, maana hiyo ni ya presha. Ikiwaka kwenye kona, pampu imeshaanza kuvuta hewa.

Kuna mtego mmoja wa haibridi hapa. Gari la safari fupi hukusanya petroli na maji kwenye oili, kijiti kikaonekana hakishuki. Kisha unatoka Nairobi kwenda Mombasa, kilomita karibu 480, injini inachemka sawasawa, uchafu ule unavukizwa na oili "inapotea" yote kwa safari moja. Pima mara mbili, moja kwa kilomita za mjini na nyingine kwa za barabara kuu, ndipo uamini namba zako.

Halafu ondoa visingizio. Angalia uvujaji kwenye kifuniko cha cheni, gasketi ya kifuniko cha valvu na oringi ya nyumba ya filta. Angalia kulanti, yaani maji ya kupoza injini: ikiwa inapungua bila kuvuja, na asubuhi gari linawaka kwa kutetemeka vibaya kwa sekunde chache kabla ya kutulia, pengine na kodi P0301 au P0302, acha habari ya oili. Hiyo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi, ugonjwa mwingine maarufu wa injini hii. Kipimo cha maji ya bluu yanayogeuka njano juu ya rejeta kitathibitisha kama gesi ya injini inaingia kwenye kulanti.

Ili uone moshi, injini inabidi ikae imewaka. Prius haikubali hivyo hadi uiweke kwenye hali ya matengenezo. Ndani ya dakika moja: bonyeza POWER mara mbili bila kugusa breki, gia ikiwa P kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili, weka N, kanyaga mara mbili, rudisha P, kanyaga mara mbili. Maandishi ya MAINTENANCE MODE yakitokea, kanyaga breki na uwashe. Moshi wa bluu unaotoka mfululizo unaelekeza kwenye ringi. Ukitoka kwa wingi mwanzoni tu baada ya gari kulala usiku kucha, shuku sili za valvu. Kupima kompresheni nako kunahitaji mashine ya kompyuta inayoweza kuiamuru MG1, mota ya umeme ya mfumo wa haibridi, izungushe injini, kwa kuwa gari hili halina stata ya kawaida. Kompresheni ikiwa sawa kwenye silinda zote nne lakini oili inaliwa, hiyo ni picha ya ringi ya oili iliyokwama, na ndiyo picha ambayo Restore & Protect inaiwinda.

Sasa oili yenyewe. Inapatikana kwa 0W-20 na 5W-30, pamoja na unene mwingine. Toyota inapendelea 0W-20 kwa kubana mafuta, lakini vitabu vya magari ya soko la Japani vinaruhusu 5W-30 pia. Kwa injini iliyoanza kula oili, kwenye joto la Pwani au la Ghuba, tungechukua 5W-30 bila kusita. Oili nyepesi huvukiza haraka zaidi. Kiwango cha ubora wa oili cha API SP kinaruhusu hadi asilimia 15 ya oili ivukizwe katika jaribio la saa moja kwenye nyuzi 250, na aina nyingi za 5W-30 hupoteza kidogo kuliko 0W-20. Utapoteza kiasi kidogo sana cha petroli. Lakini usiruke hadi 20W-50 kwa ushauri wa gereji ya mtaani. Mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, unafanya kazi kwa presha ya oili, injini hii inawashwa mara nyingi kwa siku moja, na oili nzito hupita kwa shida zaidi kwenye vile vitundu vilivyoziba nusu. Moshi utapungua kwa muda na masizi yataongezeka.

Kopo la Marekani la kwati 5 ni lita 4.73, hivyo linajaza injini na kubakiza nusu lita ya kuongezea. Hilo ni jambo dogo lenye raha yake, kwa sababu makopo ya madukani kwetu ni ya lita 4 na yanaacha pengo la mililita 200 ambalo fundi mvivu huwa haongezi. Kasoro kubwa ya bidhaa hii kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni upatikanaji. Ukiikuta kwa bei ya chini ajabu kwenye duka la vipuri usilolijua, mashaka yako ni halali. Chapa kubwa za oili huigwa sana. Kagua sili ya kifuniko na namba ya bechi, na nunua kwa mtu anayetoa risiti.

Haifanyi kazi kwa mara moja. Maelekezo ya mtengenezaji ni kuitumia mfululizo, badiliko baada ya badiliko, na hapo ndipo wengi wanapoihukumu mapema. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: badiliko la kwanza lidumu kilomita 3,000 tu, yanayofuata 5,000 kila moja. Kila mara weka filta mpya na oringi mpya, ukikaza kifuniko cha filta kwa Nm 25. Filta ya injini hii ni ya karatasi ndani ya nyumba ya plastiki, kwa hiyo ni rahisi kuikunjua na kuiangalia. Chembe nyeusi nyingi kuliko kawaida zinaonyesha masizi yanatoka. Chembe zinazong'aa ni chuma, na hiyo ni habari mbaya. Weka kiwango juu ya nusu ya kijiti wakati wote na uendelee kuandika mililita kwa kila kilomita 1,000. Ulaji ukishuka, hata polepole, endelea. Ukibaki pale pale baada ya mabadiliko manne, oili imeshafanya ilichoweza.

Wakati unasubiri, fungua manifoldi ya kuingizia hewa. Valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, imejificha nyuma yake, na ikikwama huvuta mvuke wa oili kwenda kwenye silinda kama bomba lililoachwa wazi. Ni kipuri cha bei ndogo, weka mpya. Kwenye manifoldi hiyo utakuta vijitundu vinne vya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa egzosi ndani ya silinda), kimoja kwa kila silinda, na kwenye gari la kilomita 200,000 huwa vimejaa tope jeusi la masizi na oili. Kipoza EGR huwa hali moja. Hapa ndipo kula oili kunapogeuka kuwa tatizo la gasketi: gesi ya EGR ikigawanyika isivyo sawa, baadhi ya silinda zinawaka kwa joto kubwa kuliko nyingine. Ondoa kipoza, kiloweke kwenye maji moto yenye sodiamu pakaboneti (poda ya kutoa madoa ya nguo), suuza hadi mwanga upite, na urudishe kwa gasketi mpya. Kinapitisha kulanti, hivyo baadaye lazima utoe hewa kwenye mfumo vizuri, kwani pampu ya maji ni ya umeme na haipendi mapovu.

Vipi washindani wake? Dawa ya kusafisha injini ya dakika kumi, inayomiminwa kwenye oili ya zamani kabla ya kuimwaga, haina muda wa kufika nyuma ya ringi, na kwenye injini yenye tope inaweza kuangusha vipande vikazibe chujio la pampu. Dawa za kuzuia moshi ni vinenezi tu. Husaidia kuuza gari, haziponyi injini. Inayoizidi nguvu Restore & Protect ni kuloweka pistoni kwa kiyeyushi kupitia matundu ya plagi, na hiyo ndiyo inayoweza pia kuvunja injini.

Ukiamua kuloweka, tenganisha betri ya volti 12 kwanza ili mtu asibonyeze POWER, na fanya kazi nje, mbali na moto. Toa plagi zote nne (kazi inayodai kung'oa waipa na bati lake la chini), zungusha puli ya kranki kwa spana kufuata saa hadi pistoni zote nne ziwe usawa mmoja, katikati ya mwendo. Mrija mwembamba ndani ya kila tundu utakuonyesha. Mimina mililita 30 kwa kila silinda, acha usiku kucha, ongeza kidogo kama imeshuka. Kwa mbano wa 13:1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika mwisho ni takriban mililita 37 tu. Kimiminika kikizidi hapo MG1 haitauliza, itapinda mkono wa pistoni. Kwa hiyo nyonya kilichobaki kwa sirinji yenye mpira, funika matundu kwa kitambaa, zungusha kwa mkono raundi mbili kamili, ndipo uruhusu mashine. Kisha mwaga oili yote, maana kiyeyushi kimeshuka kwenye sampo. Hapo sasa jaza Restore & Protect; viwili hivyo pamoja vina nafasi nzuri kuliko kimoja peke yake.

Vyote vikishindwa, limebaki suala la pistoni na ringi mpya au injini ya mtumba kutoka Japani au Sharjah. Kubadilisha ringi bila pistoni ni nusu kazi ikiwa vitundu vya pistoni ya zamani havikuzibuliwa kimoja kimoja. Injini ya mtumba chagua ya gari la miaka ya mwisho ya kizazi hiki, chungulia ndani kwa kamera kupitia matundu ya plagi, na usiihamishie kipoza EGR cha zamani kabla hakijasafishwa.