TAHADHARI: Muuzaji wa samaki wa rasi chui (leopard wrasse) anayekwambia "subiri, kajizika tu" mpaka dhamana inaisha

Jamani wadau wa matangi ya matumbawe, naomba msome hii hasa kama unajiandaa kununua rasi chui kwa mtu wa mtandaoni, maana mi nimeshalizwa na sitaki mwingine alizwe kwa njia ileile. Jina la muuzaji silitaji, nataka mjue mchezo wenyewe unavyochezwa, kwa sababu hata kesho anaweza kuja na jina jingine.

Kwa asiyemjua huyu samaki, ni wale wa jenasi ya Macropharyngodon, spishi zinazouzwa sana ni meleagris wa Pasifiki na bipartitus wa Bahari ya Hindi. Jioni hata taa hazijazimwa anajichimbia mchangani na kulala humo, asubuhi anaibuka. Akishtuka, anajizika. Na akiwa mgeni aliyesafirishwa kutoka mbali, mwili wake bado unafuata saa za kule alikotoka, kwa hiyo anaweza kukaa chini siku kadhaa, hata wiki, au akawa anaibuka usiku wa manane we umelala. Yote hayo ni kawaida yake kabisa. Na ndo hapohapo huyu jamaa amepashikilia.

Ilivyokuwa: aliniuzia wawili, akasema ni dume na jike, wamekaa kwake mwezi mzima, wanakula uduvi wa barafu bila shida, akanitumia na video samaki anadonoa chakula safi kabisa. Dhamana siku 3, sharti utume picha ya samaki aliyekufa. Alitaka hela yote kwanza, nikatuma. Nilifurahi jamani, nilikuwa nimeliandaa tangi muda mrefu, lina zaidi ya mwaka, kopepodi (vidudu vidogo vya majini wanavyokula hawa samaki) wamejaa hadi usiku ukipiga tochi unawaona wanatembea kwenye kioo, mchanga laini sentimita 7 hivi, kifuniko cha wavu juu maana hawa wanaruka.

Wakafika. Nikawazoesha maji taratibu, nikawaachia, sekunde tano tu wote wawili wakazama mchangani. Nikamwandikia, akajibu "kaka wamefika salama, usiwachimbue, waache watulie, ndivyo walivyo." Na huo ushauri ni wa kweli, mtu yeyote anayewajua hawa samaki angekwambia hivyohivyo, ndo maana nikamwamini. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nikamuuliza tena, akasema "kuwa mvumilivu kaka, wangu hukaa hata wiki." Siku ya nne asubuhi, dhamana imeshaisha usiku wake, mmoja akaibuka.

Nilivyomwona nilikaa kwenye kiti nikamwangalia tu. Tumbo limeingia ndani, pale nyuma ya kichwa pamebonyea kama mtu amembana kwa vidole, mgongo umechongoka. Mdomo wa juu mweupe, umechubuka na kuvimba. Sasa hayo hayatokei kwa siku nne. Tumbo kama lile ni njaa ya wiki kadhaa, na mdomo ule ni wa samaki aliyewekwa kwenye tangi la kioo kitupu, kila jioni anapiga pua chini akitafuta mchanga na mchanga haupo. Aliyeniambia samaki kakaa kwake mwezi anakula vizuri alijua anachotuma.

Wa pili sikumwona tena akiwa hai. Siku ya sita nikaona wale konokono wa mchangani, nassarius, wametoka wote mchana bila mimi kulisha, wamejazana kona moja ya nyuma wamenyoosha mirija yao. Nikajua. Nikaingiza mkono, nikamtoa, ameshaanza kuoza. Nikapima amonia (sumu inayotoka kwenye kuoza) nikabadilisha maji haraka, bahati nzuri matumbawe yamepona.

Nikamtumia picha, akasema dhamana imepita. Nikamwambia wewe ndiye uliyeniambia nisichimbue, akaniuliza nilipima chumvi ya maji, mara nina samaki gani wengine, mara nimemuua mwenyewe, alafu akanibloku.

Na hiyo ya dume na jike nayo ni uongo. Wote wawili walikuwa weupe wenye madoa meusi ya chui, na kwa meleagris hayo ni mavazi ya jike. Dume huwa mwekundu wa kutu na madoa ya kijani, huwezi kumkosea. Hawa huzaliwa majike kisha mkubwa anaweza kugeuka dume baadaye, kwa hiyo anayekuuzia wawili wenye madoa meusi kwa jina la "pea" amekuuzia majike wawili kwa bei ya pea. Hapo kosa langu ni kutouliza, nilipumbazwa na video.

Kuhusu video, nilikuja kugundua baadaye. Hawa samaki ukiwaangalia usoni, madoa ya shavuni yanatofautiana kila mmoja na yake. Nikasimamisha video nikalinganisha na yule aliyebaki na yule niliyemtoa mchangani, hakuna hata mmoja anayefanana na wa kwenye video. Kisha nikampata mwenzetu mmoja aliyenunua kabla yangu, akanionyesha aliyotumiwa yeye, ni ileile. Na wake waliishia mchangani vilevile.

Kwa hiyo kama unanunua, mwambie muuzaji arekodi leo, na karatasi yenye tarehe imebandikwa kwenye kioo, samaki anakula chakula cha barafu na umwone ubavuni pale nyuma ya kichwa. Muulize tangi lake la kuwawekea lina mchanga au halina, akianza kuzunguka achana naye. Dhamana mkubaliane kwa maandishi ianze kuhesabiwa siku samaki anapoibuka, anayewajua kweli hawa samaki hatakataa maana anajua wanavyojizika. Na mfuko ukifika USIUFUNGUE kabla hujarekodi, piga video samaki akiwa bado ndani, tumbo na mdomo vionekane, mi sikufanya hivyo na ndo nilichokosa cha kumwonyesha. Kingine, usimwachie moja kwa moja kwenye tangi kubwa, mweke karantini (tangi la pembeni la kumwangalia kwanza) na bakuli la plastiki angavu lenye mchanga laini, ukilitazama kwa pembeni au kwa chini mara nyingi utamwona alipolala bila kumsumbua.

Yule mmoja bado yupo, wiki ya tatu sasa. Namtotoleshea artemia (viduduvi vidogo hai) kila siku, anadonoa kopepodi kwenye mawe asubuhi nzima, uduvi wa barafu anautema bado lakini jana alimeza vipande viwili. Tumbo halijajaa. Sijui kama atafika.

Video ya jamaa ni ya sekunde 14. Kioo kina ufa mdogo kona ya chini kushoto, kuna bomba jeupe linapita nyuma, na samaki anatokea kulia anadonoa mara tatu kisha kamera inakatika ghafla. Mkitumiwa hiyo, msitume hela. Na kama ulishatumiwa zamani, niandikie, natafuta wenzangu tukusanye ushahidi pamoja, skrinshoti zangu zote ninazo.