Zana ya kukagua hali ya data za soko: maelezo yakae ndani ya skima au kwenye ukurasa wa pembeni?

Wakala wa akili mnemba (programu inayochagua na kutumia zana yenyewe ili kutekeleza kazi) anayefuatilia bei za hisa huhitaji zana ya kumjulisha kama data anazopokea bado ni hai, na mwenye kuiunda zana hiyo ana njia mbili za kuieleza. Ya kwanza ni kuweka maelezo ndani ya zana yenyewe, kama inavyowezekana katika MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli za akili mnemba na zana na data, iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, ambamo zana hubeba jina, maelezo na skima, yaani muundo rasmi unaoeleza vigezo vyake. Ya pili ni ukurasa mrefu wenye mifano, unaosomwa na wahandisi.

Tofauti hujitokeza pale zana inapojibu "sawa". Seva inaweza kurudisha msimbo 200 (jibu la HTTP la kwamba ombi limefanikiwa) huku bei ya mwisho ikiwa ya jana jioni, na pasiwe na hitilafu yoyote, kwani soko la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni kwa saa za huko. Sentensi moja ndani ya skima, isemayo kwamba "sawa" inahusu seva tu na kwamba umri wa bei usomwe kwenye muhuri wa muda (tarehe na saa bei iliporekodiwa), humfikia wakala papo hapo anapochagua zana; ukurasa, hata uwe mzuri namna gani, haumfikii asipopewa.

Hata hivyo, skima ndefu hula nafasi ya muktadha wa modeli (kiasi cha maandishi inachoweza kushughulikia kwa wakati mmoja), kwa hiyo kalenda ya sikukuu na ufafanuzi wa misimbo ya hitilafu vibaki ukurasani. Binafsi ningeanza na skima, kisha ukurasa uzalishwe kutokana nayo, maana nakala mbili zinazoandikwa mbalimbali hazikawii kupingana.