Msaada wa kisheria pale Mwanga, Kigoma: wanakwambia ukweli
Nilitaka kesi yetu ya shamba ifike Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, Arusha. Msaidizi wa kisheria, binti mpole, hakunipa matumaini hewa. Alinionyesha kwenye faili: mwaka 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko linalomruhusu raia kwenda pale moja kwa moja. "Na hata ukishinda, mama, mahakama ile haina polisi." Akatoa mfano wa Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa, aliyeishinda serikali pale 2013 kuhusu mgombea binafsi. Mpaka leo bila chama hugombei! Iliniuma sana. Hata Kongo, hapo ng'ambo ya ziwa, waliishinda Uganda kwa kuwavamia, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, 2005, lakini fidia ya dola milioni 325 ikaja kuamriwa 2022 tu. Huduma ni bure, nawapa nyota tano. Wahi asubuhi, benchi la kusubiria ni moja tu.