Mashine zangu za kusikilizia na kelele za sebuleni

Kwa miezi minne sasa ninavaa mashine mbili za kusikilizia, za aina inayokaa nyuma ya sikio, pamoja na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo za anayezungumza nami ili ipeleke sauti yake kwenye mashine, ambayo iliuzwa kando. Chumba kikiwa kimya sina malalamiko. Hata hivyo, sikuzinunua kwa ajili ya chumba kimya. Nilizinunua kwa sababu kila tulipokutana watu kumi sebuleni kwa dada yangu Temeke, feni ikizunguka na televisheni ikiwaka, nilirudi kwangu nimechoka na sikuambulia mazungumzo hata mamoja.

Irabu ndizo zenye sauti kubwa, ilhali konsonanti kama f na p ni hafifu na hufunikwa mapema na kelele. Dada akiniuliza kutoka jikoni, "Umepika?", mimi husikia "Umefika?", nami humjibu kwamba nimefika tangu saa nne. Kuongeza sauti peke yake hakuniondolei tatizo hili, kwa kuwa maneno ya anayezungumza nami na ya shangazi anayesimulia pembeni hupanda kwa pamoja.

Duka nililoanzia lilinishauri ninunue mashine moja ili nipunguze gharama, nami nashukuru kwamba nilikataa. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry alionyesha kwamba mtu akisikilizishwa maneno tofauti katika kila sikio hufuata upande anaoutaka bila taabu kubwa, lakini maneno hayo yakichanganywa na kupelekwa pamoja katika masikio yote mawili, kuyatenganisha huwa kazi ngumu. Kwa kuvaa zote mbili, angalau najua shangazi yuko upande gani.

Mashine zenyewe zina mpangilio unaopendelea sauti ya mbele, na husaidia nikiupa mgongo upande wa televisheni. Wasemaji wawili wakiwa mbele yangu, msaada huo hupungua sana. Kilichonifaa kweli ni ile maikrofoni. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kifaa kilichobanwa shubiri moja kutoka kinywani mwa dada huipata sauti yake kabla kelele haijaimeza. Kasoro yake ni kwamba mtandio ukiigusa, mkwaruzo hujaa masikioni mwangu, na mazungumzo yakihamia kwa mtu mwingine lazima nimwombe aivae, jambo ambalo wageni hulionea haya.

Kinachonisikitisha ni jinsi nilivyopimwa. Niliwekwa katika kibanda kisichopenya sauti, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio, na hakuna aliyejaribu uwezo wangu wa kuelewa maneno penye kelele, ingawa ndilo lililonipeleka pale. Anayekwenda kununua aombe kipimo hicho mapema, na aombe pia kuijaribu maikrofoni huku watu wawili watatu wakizungumza dukani, kabla hajatoa pesa.