Kiwanda cha minofu Mwanza na wafanyakazi wa doria: zamu safi, siku ya shahidi bado

Utaratibu wa kiwanda hiki cha minofu ya sangara kwa wafanyakazi wanaojitolea ulinzi shirikishi tunaupa nyota nne kati ya tano. Ubora wake uko kwenye zamu. Anayelinda mtaa hadi saa 11 alfajiri haingii saa 1 asubuhi, anaanza saa 8 mchana. Kisu cha kuchunia ni chembamba na samaki anateleza. Mkono wenye usingizi hukata kiganja, hata ukiwa na glavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 za kupumzika kati ya zamu na zamu, lakini usiku wa doria hauhesabiwi humo, kwa hiyo hapa mwajiri amejiongeza, na anastahili pongezi.

Barua ya mtendaji wa mtaa yenye muhuri na ratiba ya mwezi vinamfikia msimamizi kabla ya tarehe 25. Ikichelewa, mezani pa kuchunia panakosa mtu.

Nyota imepotea kwenye ushahidi. Aliyekamata mwizi wa nyavu akiitwa mahakamani, siku hiyo inakatwa kwenye likizo yake. Hilo linaumiza, lirekebishwe: hati ya wito itoshe kuwa ruhusa yenye malipo.