Uzoefu wangu na Tosen wa Bleach: mtu wa kisasi kuliko Aizen wenu

Nimemaliza Bleach yote ya zamani, ile anime (katuni ya Kijapani) ya episodi 366 iliyoanza 2004 ikaishia 2012, na leo namsema mtu mmoja tu, Kaname Tosen, maana kila ukisoma maoni ya watu ni Aizen Aizen Aizen. Sawa Aizen, yule adui mkuu wa hadithi, ni noma, ila Aizen anataka ukubwa tu, hana anachodai mtu. Huyu Tosen ndo ana kinyongo cha kweli na kinyongo chenyewe ukikisikiliza vizuri unaona jamaa ana hoja.

Kwa ambao hamjamjua, ni kapteni wa kikosi cha 9 kule Soul Society, ulimwengu wa roho unaolindwa na jeshi la shinigami (wapiganaji wa roho wenye mapanga), kipofu toka azaliwe, mweusi mwenye nywele za kusuka (kwenye anime ukipewa kapteni mweusi lazima ukae vizuri kwenye kochi). Rafiki yake wa kike aliolewa na shinigami, yule mume akamuua mwenzake wa kazini kwa ugomvi wa kijinga, mke alipomkemea naye akauawa, na mume wala hakupata adhabu ya maana. Sasa Tosen anafanyaje, anaingia kwenye jeshi hilohilo, anapanda mpaka ukapteni, anaongea kwa upole habari za haki na njia isiyo na damu nyingi, kumbe moyoni anawasubiria wote, mwishowe anawasaliti na kwenda upande wa Aizen. Anayepiga kelele unajua uanze kumkimbia saa ngapi, huyu anakuinamishia kichwa kwa heshima kabisa. Halafu Grimmjow, askari wa Aizen, alipokiuka amri Tosen akamkata mkono, hakuishia hapo, akauchoma na mkono wenyewe usije ukarudishwa, na bado akaliita jambo lile haki. Hapo nikasema aah, huyu ashapotea.

Bankai yake, yaani nguvu ya juu kabisa ya upanga wa shinigami, ndo bora kwangu kwenye anime nzima. Anakufungia ndani ya kuba jeusi, huoni, husikii, harufu hakuna, hata nguvu ya roho ya adui huihisi, unabaki na kugusa tu. Yaani anakuweka gizani alikoishi yeye halafu anakuzidishia. Kenpachi, kapteni mwingine anayepigana naye, akaamua bora achomwe tu, upanga ukishaingia mwilini anajua jamaa alipo, anamdaka! Ushauri wa bure, msiangalie hilo pambano kwenye simu kwa kiwango cha chini eti kubana bando, mimi niliona weusi na vipande vipande vya kijivu nikadhani simu imekufa, ikabidi nirudie kwa picha safi.

Ila kilichonimaliza kipo huko karibu na episodi ya 290. Lazima ujue kwanza Komamura, yule kapteni mwenye uso wa mbwa mwitu, alikuwa anauficha uso wake ndani ya kofia kubwa, na rafiki yake mkubwa ni Tosen, kipofu, ambaye sura ya mtu haimhusu. Walikutana kaburini kwa yule rafiki wa kike wa Tosen aliyeuawa. Sasa Tosen anajigeuza hollow (zimwi, adui wa shinigami), anakuwa lidudu likubwa lenye manyoya na pembe, anapata macho kwa mara ya kwanza maishani, anafurahi kama mtoto, anaona mbingu, anaona damu, kisha anamgeukia Komamura na kumwambia kwamba ni mbaya kuliko alivyofikiria. Aisee nilisimamisha video. Na kwa vile sasa anaona, ameacha kusikiliza, Hisagi mwanafunzi wake anamjia kwa nyuma na kumchoma, na anamwambia kabisa kwamba Tosen yule wa zamani asiyeona angelikwepa hilo. Tena ni Hisagi huyohuyo aliyefundishwa na Tosen kuuogopa upanga wake mwenyewe.

Malalamiko yangu sasa. Historia yake wameibana mno, yule dada anapita kwenye kumbukumbu dakika chache tu, wakati episodi za kujazia wamezimwaga kama hela za harusi, kuanzia 64 mpaka mia na kitu ni kisa cha Bount, kundi la wala roho, halafu vita ya mji wa Karakura dhidi ya Aizen imekolea kabisa wanakukatia, wanakupeleka kwenye mapanga yaliyoasi, 230 mpaka 265, mpaka unarudi vitani ushasahau nani alikuwa anapigana na nani. Na kifo chenyewe wamekiharakisha, ndo kwanza anapatana na wenzake, anaomba amwone Hisagi usoni, puu, Aizen kampasua. Mtu kakutumikia miaka yote hiyo!

Nampa 9 kwa 10, anime yenyewe 7. Kama huna muda ruka Bount zote na hayo mapanga, ila pambano la Kenpachi na Tosen usiliruke, ukiliruka hiyo ya Komamura utaiona ya kawaida tu.